Mashine Ilichukua Ankara Rahisi: Uchambuzi wa Kisa cha Kampuni Ndogo na Mfumo Otomatiki wa Malipo

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano: kampuni haina jina, na takwimu zake zimepangwa ili msomaji aweze kuifuata hesabu hatua kwa hatua. Matatizo yanayoelezwa, hata hivyo, ni yale yanayojitokeza kila mahali ambapo biashara ndogo inaukabidhi mfumo otomatiki kazi ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja aliyeizoea. Kazi iliyochaguliwa ni ulipaji wa ankara za wagavi, kwa kuwa ina kanuni zilizo wazi, hurudiwa kila siku, na kwa asiyeifanya huonekana nyepesi kuliko ilivyo.

Kampuni ina wafanyakazi 18. Hununua vipuri vya mitambo kutoka kwa wagavi wapatao 60 na kuviuza kwa karakana na viwanda vidogo. Kwa mwezi hupokea ankara 400, nyingine kwa baruapepe, nyingine zikiwa karatasi zinazokuja pamoja na mzigo. Karani wa hesabu huisoma kila ankara, huiingiza kwenye leja, kisha huilinganisha na nyaraka mbili: hati ya agizo, inayoonyesha kampuni iliomba nini na kwa bei gani, na hati ya mapokezi, inayojazwa na mtunza ghala mzigo unapofika. Mlinganisho huo wa nyaraka tatu ndio kinga ya kampuni dhidi ya kulipia kitu ambacho haikuagiza, kwa bei ambayo haikukubaliwa, au kwa idadi ambayo haikufika. Ankara zikishalinganishwa hupelekwa kwa mwenye kampuni, ambaye hutia saini malipo yote kwa pamoja mara moja kwa wiki, na wiki nyingine akiwa safarini saini huahirishwa.

Mfumo ulionunuliwa huisoma picha ya ankara, huchomoa jina la mgavi, namba, tarehe, bidhaa na kiasi, huilinganisha na nyaraka zile mbili, na ikiwa zinakubaliana ndani ya tofauti inayovumilika, huipanga kwa malipo bila mtu kuigusa. Teknolojia ya aina hii si mpya kabisa. Kilichobadilika ni kwamba zamani ilibidi kila mgavi atengenezewe kielezo chake kinachoieleza mashine mahali pa kuitafuta tarehe na mahali pa kuitafuta jumla, na gharama hiyo ilivumilika tu kwa kampuni kubwa zinazopokea maelfu ya ankara za sura moja. Sasa akili bandia huweza kuisoma ankara ambayo haijawahi kuiona, na kwa hiyo mlango umefunguka kwa kampuni yenye wagavi 60 ambao kila mmoja ana mpangilio wake.

Ahadi iliyomshawishi mwenye kampuni ilikuwa na hesabu nyepesi. Ankara 400, kila moja kwa wastani wa dakika 6, ni dakika 2,400, yaani saa 40 kwa mwezi. Mfumo ungepitisha asilimia 85 ya ankara, ambazo ni 340, huku karani akizitupia jicho kwa nusu dakika kila moja. Zilizobaki, 60, zingeshughulikiwa kwa mkono kwa dakika zile zile 6. Jumla ingekuwa dakika 530, chini kidogo ya saa 9. Saa 31 zingeokolewa kila mwezi, na karani angepata muda wa kufuatilia madeni ya wateja, kazi ambayo kampuni ilikuwa ikiilalamikia kwa muda mrefu.

Hesabu hiyo haina kosa la kujumlisha wala la kutoa. Kosa lake limo ndani ya wastani. Dakika 6 si muda wa ankara yoyote halisi; ni mchanganyiko wa ankara rahisi, ambazo karani alizimaliza kwa dakika 3, na ankara ngumu, ambazo zilimchukua dakika 23. Zidisha 340 kwa 3 upate 1,020; zidisha 60 kwa 23 upate 1,380; jumla yake ni zile zile 2,400. Na mfumo otomatiki, kwa asili yake, huchukua zilizo rahisi. Baada ya kuwekwa, karani alibaki na dakika 170 za kutupia jicho na dakika 1,380 za ankara ngumu, ambazo kwa pamoja hazikosi sana kufika saa 26. Akiba halisi ikawa kama saa 14, chini ya nusu ya ile iliyoahidiwa.

Mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl alilionyesha jambo hili mwaka 1967 alipokuwa akijadili kompyuta zinazogawana kazi: ukiharakisha sehemu moja ya kazi, kasi ya jumla hubanwa na sehemu ambayo hukuiharakisha. Katika kisa hiki, hata kama ankara zote rahisi zingeshughulikiwa bila sekunde moja ya binadamu, asilimia 57.5 ya kazi ya mwanzo ingebaki palepale. Kampuni ingeweza kuligundua hili kabla ya kununua chochote, kwa kumwomba karani aandike muda wa kila ankara kwa wiki mbili. Hakuna aliyemwomba, na kwa maoni yangu hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika kisa hiki, kwa sababu ujuzi wote uliohitajika ulikuwamo ndani ya jengo, kwa mtu anayelipwa na kampuni yenyewe.

Inafaa kuziangalia kwa karibu ankara zile 60, kwani ndizo zinazoeleza kwa nini kampuni ndogo haiwezi kuiga tu yale yanayofanywa na kubwa. Sehemu yake kubwa ilikwama kwa sababu ya vipimo. Kampuni iliagiza boksi 10 za beringi zenye vipande 12 kila moja. Mtunza ghala akahesabu vipande 120 na kuandika 120. Ankara ikasema 10. Kwa mtu, hizi ni namba moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Kwa mashine isiyo na jedwali la vipimo, mgavi amedai kumi kati ya mia na ishirini, au ghala limepokea mara kumi na mbili ya kilichoagizwa. Nyingine zilihusu mizigo iliyokuja kwa mafungu, ambapo ankara moja ilifunika mapokezi matatu ya tarehe tofauti. Nyingine zilitokana na kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa mgavi mmoja alikuwa akikadiria senti kwa kila mstari na mwingine kwa jumla ya ankara, na tofauti ndogo sana ikatosha kuizuia ankara nzima pale ambapo tofauti inayovumilika ilikuwa imewekwa sifuri.

Lakini zilizomtesa karani zaidi ni zile ambazo ukweli wake haukuwa umeandikwa popote. Mgavi fulani hupunguza bei kwa kuwa alichelewa mwezi uliopita, na makubaliano hayo yalifanywa kwa simu. Mwingine hutoza usafiri ndani ya bei ya bidhaa wakati agizo linautenga. Wa tatu hurudisha thamani ya mzigo ulioharibika kwa kuipunguza kwenye ankara inayofuata badala ya kuitolea hati yake. Karani aliyajua yote haya, na alipokuwa akifanya kazi kwa mkono aliyatumia bila hata kutambua kwamba anayatumia. Kampuni kubwa yenye makarani wengi hulazimika kuandika mambo ya namna hiyo, kwa sababu anayejua leo kesho yuko idara nyingine. Kampuni ndogo huishi miaka mingi bila kuyaandika, na udhaifu huo hauonekani mpaka siku kanuni zinapotakiwa zielezwe kwa mashine.

Kisha likajitokeza jambo ambalo hesabu ya mwanzo haikuwa na nafasi yake kabisa. Baada ya miezi michache, ankara ngumu zilianza kuchukua dakika 30 badala ya 23. Karani hakuwa amelegea. Zamani, katika kuzipitia ankara rahisi, alikuwa akiona bei zinavyopanda, mgavi yupi amebadili namba ya bidhaa, nani ameanza kuleta pungufu. Kila ankara rahisi ilimpa habari iliyomsaidia kwenye ngumu. Mfumo ulipozichukua, ulichukua pia habari hizo. Mwanasaikolojia Lisanne Bainbridge aliandika mwaka 1983, akiwa na mitambo ya viwandani akilini, kwamba uendeshaji otomatiki humwachia binadamu sehemu zile zilizo ngumu kuliko zote, na wakati huohuo humnyima mazoezi ambayo yangemwezesha kuzimudu. Maneno hayo yalihusu vyumba vya kuongozea mitambo mikubwa, lakini yanaikaa sawasawa meza ya karani mmoja wa hesabu. Kwa dakika 30, ankara 60 ni dakika 1,800. Ukiongeza 170 za kutupia jicho unapata karibu saa 33. Akiba iliyobaki ni saa 7 tu kati ya 40, na bado ada ya mfumo haijatolewa.

Upande wa makosa unahitaji uangalifu wa aina nyingine. Mfumo unaosoma maandishi kwa usahihi wa asilimia 99 kwa kila herufi husikika kama usiokosea. Namba ya ankara yenye herufi 10 itasomwa sawa yote, ikiwa makosa hayategemeani, kwa uwezekano wa 0.99 uliozidishwa mara kumi, ambao ni kama asilimia 90. Maana yake karibu namba moja katika kila kumi ina herufi iliyosomwa vibaya. Kinachoiokoa kazi hii ni kwamba ankara ina ushahidi ndani yake: idadi mara bei lazima ilete jumla ya mstari, mistari lazima ilete jumla kuu, na namba za akaunti za benki za mfumo wa kimataifa wa IBAN zina tarakimu mbili za ukaguzi zinazotokana na kugawanya kwa 97, ambazo hufichua kosa lolote la herufi moja. Namba ya ankara yenyewe mara nyingi haina ukaguzi wa namna hiyo, na hapo ndipo kampuni iliumia. Mgavi alituma ankara kwa baruapepe, kisha karatasi ya ankara hiyohiyo ikaja na mzigo. Moja ilisomwa ikiwa na kistari katikati ya namba, nyingine bila kistari. Kinga ya mfumo dhidi ya malipo ya mara mbili ilikuwa ikilinganisha herufi kwa herufi, ikaona ankara mbili. Kwa kuwa mzigo ulikuja kwa mafungu na hati za mapokezi zilikuwa mbili, kila ankara ilipata mwenza wake, na zote zikalipwa. Karani angeiona ile ya pili mara tu jina la mgavi na kiasi vingejirudia ndani ya wiki moja. Tiba yake ni kuondoa vistari, nafasi na sifuri za mwanzo kabla ya kulinganisha, na kusimamisha ankara yoyote yenye mgavi na kiasi kilekile ndani ya siku kadhaa, hata kama namba zinatofautiana.

Kuna hatari kubwa zaidi, na kwa bahati njema kampuni hii iliiziba mapema. Wahalifu hujifanya mgavi na kutuma ankara inayofanana na ya kweli kwa kila kitu isipokuwa akaunti ya benki. Kituo cha FBI, shirika la upelelezi la Marekani, kinachopokea malalamiko ya uhalifu wa mtandaoni kiliripoti kwamba udanganyifu wa baruapepe za biashara, ambao ndani yake mna ujanja huu, ulisababisha hasara ya takriban dola bilioni 2.9 kwa mwaka 2023 pekee. Mfumo unaochukua namba ya akaunti kutoka kwenye ankara humrahisishia mhalifu kazi, kwa sababu umemwondoa mtu ambaye angeshtuka na kupiga simu. Kanuni ya kampuni ikawa kwamba akaunti hutoka kwenye orodha ya wagavi tu, haitoki kamwe kwenye ankara, na kubadilishwa kwake kunahitaji mtu ampigie mgavi kwa namba ya simu iliyokuwapo tangu zamani. Hilo si jambo la kukabidhiwa mashine, hata iwe na akili kiasi gani.

Hadi hapa tumezungumzia saa za karani. Mwenye kampuni, hata hivyo, alikuwa na lengo la pili, nalo ni kulipa mapema. Baadhi ya wagavi wake hutoa punguzo la asilimia 2 kwa anayelipa ndani ya siku 10, la sivyo bei kamili hudaiwa ndani ya siku 30. Anayeliacha punguzo hilo anakopa kwa siku 20 kwa gharama ya 2 juu ya 98, ambayo kwa mwaka mzima ni kama asilimia 37. Mikopo michache ya benki ina bei hiyo.

Kabla ya mfumo, ankara ilichukua wastani wa siku 15 tangu kufika hadi kulipwa: siku 4 ikisubiri zamu yake mezani kwa karani, ambaye ana kazi nyingine pia, siku 6 ikisubiri hati ya mapokezi kutoka ghalani, kwa sababu mtunza ghala hukusanya hati zake na kuzipeleka ofisini kwa mkupuo, na siku 5 ikisubiri saini. Kanuni ambayo mtafiti John Little aliithibitisha mwaka 1961 inasema kwamba idadi ya vitu vilivyomo ndani ya mfumo ni sawa na kasi ya kuingia kwake ukizidisha na muda ambao kila kimoja hukaa humo. Ankara 400 kwa siku 30 ni kama 13.3 kwa siku; zidisha kwa 15, upate ankara 200 zinazoelea wakati wowote kati ya kupokelewa na kulipwa. Mfumo mpya uliziondoa siku 4 za karani karibu zote. Zikabaki siku 11, na ankara kama 147 zinazoelea. Kwa wastani kampuni iliikosa siku ya mwisho ya punguzo kwa siku moja.

Sasa tuone ingekuwaje kama hatua nyingine zingetangulia. Mtunza ghala akirekodi mapokezi kwenye simu yake siku mzigo unapofika, siku 6 huwa 1. Mwenye kampuni akiruhusu malipo madogo yapite kwa saini ya msimamizi, na makubwa akiyaidhinisha mara mbili kwa wiki popote alipo, siku 5 huwa 2. Karani akiendelea kuandika kwa mkono kama zamani, kwa siku zake 4, jumla inakuwa siku 7, na punguzo linapatikana kwa ankara nyingi. Hakuna akili bandia hapo. Kuna simu na idhini iliyogawanywa.

Somo la namna hii liliwahi kuonekana katika kampuni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na hii. Mtaalamu wa uendeshaji wa biashara Michael Hammer alieleza mwaka 1990 jinsi kampuni ya magari ya Ford, mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilivyokuwa na watu zaidi ya 500 katika idara ya kulipa wagavi Amerika Kaskazini, ikatarajia kupunguza asilimia 20 kwa kuongeza kompyuta, kisha ikagundua kwamba kampuni nyingine ya magari, Mazda, inaifanya kazi hiyo kwa watu 5. Hata ukizingatia kwamba Mazda ilikuwa ndogo zaidi, pengo lilikuwa kubwa mno. Ford ikaacha kuharakisha ulinganishaji wa ankara na badala yake ikaiondoa ankara yenyewe: mzigo ukifika na ukalingana na agizo kwenye kompyuta, malipo yanatoka. Watu walipungua kwa asilimia 75. Kampuni ya wafanyakazi 18 haiwezi kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa Ford ilikuwa na uwezo wa kuwaamuru wagavi wake na yenyewe haina. Lakini swali la Ford inaweza kuliuliza: wagavi wangapi kati ya 60 ndio chanzo cha nyingi za ankara zile ngumu? Ilipolitafuta jibu, wachache walitosha kueleza sehemu kubwa. Kuzungumza nao juu ya vipimo, na juu ya kuandika namba ya agizo kwenye kila ankara, kulihitaji simu chache na adabu.

Marekebisho yaliyofuata yalianza ghalani na yakaishia kwenye mfumo. Jedwali la vipimo liliandikwa. Tofauti inayovumilika iliwekwa kwa kiasi kidogo na kwa asilimia, chochote kitakachofikiwa kwanza, ili senti zisiizuie ankara na asilimia ndogo ya mzigo mkubwa isipite kimyakimya. Mfumo ulipewa jina lake la kuingilia kwenye leja, maana mwanzoni ulitumia neno la siri la karani, na kumbukumbu zote zilionyesha kwamba yeye ndiye aliyeidhinisha malipo yale ya mara mbili. Hilo la mwisho linahusu haki ya mtu, na linastahili kurekebishwa siku ya kwanza kabla mfumo haujagusa ankara hata moja.

Hatua iliyoleta tija kuliko zote, kwa hukumu yangu, ni ile iliyoonekana kama kurudi nyuma. Kila wiki karani huchukua ankara 10 kwa bahati nasibu kati ya zilizopitishwa na mfumo na kuzilinganisha upya kwa mkono, kana kwamba mfumo haupo. Humchukua nusu saa. Kwa mwezi anakuwa amekagua kama 40. Asipopata kosa katika 40, anaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba makosa hayazidi kiasi cha asilimia 7.5, na baada ya ankara 120 safi kikomo hicho hushuka hadi 2.5. Kampuni imepata kipimo chake yenyewe, kisichotegemea usemi wa aliyeiuzia mfumo. Na karani anaendelea kuwaona wagavi wake wote, wepesi na wagumu, bei zao na tabia zao.

Bado kuna suala ambalo halijapata jibu. Zamani karani msaidizi alijifunza kwa kupewa ankara rahisi, na baada ya mwaka mmoja aliweza kukabidhiwa ngumu. Ankara rahisi sasa hazipo mezani. Karani wa sasa akiondoka, atakayeajiriwa ataanzia kwenye zile 60, bila njia ya kuzifikia. Mwenye kampuni amekubali kwamba ukaguzi wa kila wiki ufanywe na watu wawili, karani pamoja na kijana wa mauzo aliyeonyesha nia, na kwamba kila ankara ngumu inayotatuliwa iandikiwe mistari miwili au mitatu ya maelezo: ilikwama kwa nini, nani aliulizwa, alijibu nini. Maandishi hayo hayaingizwi kwenye mfumo kwa sasa. Yanasomwa na yule kijana.